Uzi wa Gita la Hizza

"Uzi mchovu haukatikii chumbani, hukatikia uwanjani." Ndivyo shangazi yenu alivyomwambia Zuhura asubuhi hii, alipomwona anataka kwenda kwenye mahafali ya shule na viatu ambavyo ukanda wake umeshikiliwa na Mungu tu. Zuhura akacheka, na Kibwana akaja kuniuliza maneno hayo shangazi kayatoa wapi.

Methali hii ina kwao, wajukuu zangu, na kwao ni uani kwa baba yangu, katika kambi ya shamba la mkonge la Kwambelo, upande wa Korogwe. Siku ilipozaliwa nilikuwepo, nimefunikwa kanga mbili na kungwi kanishika mkono, kwa sababu harusi iliyokuwa ikichezwa ilikuwa yangu.

Nyinyi mlimjua babu yenu Hizza akiwa mzee wa mvi, anayetembea polepole na kuongea polepole. Mimi nilimjua akiwa kijana mwembamba asiyeweza kukaa chini bila kugonga kitu kwa vidole. Alikuwa kaka yangu wa pekee. Mchana alifanya kazi kwenye karakana ya shamba, akipaka grisi mashine za korona, ile mitambo inayosaga majani ya mkonge mpaka yabaki nyuzi. Jioni akirudi alioga, akala, akaingia chumbani kwake na kulishika gita. Kambi yetu ilikuwa na bendi, Kwambelo Jazz, na Hizza ndiye aliyepiga solo.

Baba yetu, Mzee Mntambo, hakulipenda gita hilo hata kidogo, au ndivyo sote tulivyoamini. Alikuwa nyapara kwenye korona, mtu wa maneno machache na kofia iliyonyooka. Chumba chake na cha Hizza viligawanywa na ukuta wa udongo usiofika juu, kwa hiyo kila alichopiga Hizza kilimfikia baba kitandani. Baba alikohoa. Hizza akiendelea, baba aligonga ukuta kwa fimbo. Hizza alipunguza sauti, akasubiri kidogo, akaanza tena, taratibu, kama mtu anayemnyatia kuku. Hiyo ndiyo ilikuwa nyumba yetu, na mama yangu alikuwa akisema kwamba yeye ameolewa na kikohozi na kuzaa gita.

Sasa niwaambie kuhusu nyuzi, maana ndizo zilizoleta haya yote.

Gita la umeme lina nyuzi za chuma, na chuma kinazeeka. Kikigusana na jasho kinashika kutu, na pale kinapokandamizwa kila mara kinaliwa kidogokidogo. Sauti nayo inafifia. Ile iliyokuwa ikilia kama kengele inakuwa kama mtu anayeongea na blanketi mdomoni. Kila mpiga gita wa siku zile alikuwa na sheria yake juu ya jambo hilo, na walibishana kama watu wanavyobishana kuhusu mpira. Kihiyo, kiongozi wa bendi, aliyeimba na kupiga rithimu, alibadilisha nyuzi zake kila mwezi ulipoandama, awe amepiga au hajapiga. Wengine walibadilisha ule uliokatika tu. Hizza yeye hakubadilisha kabisa. Aliamini kwamba nyuzi zile zimemzoea, zinajua vidole vyake, na kwamba kuzitoa ni kama kumfukuza ng'ombe wa maziwa kwa sababu ana umri.

Zikififia, alizichemsha. Ndiyo, Kibwana, alizichemsha kwenye maji kama mihogo. Alizifungua, akazikunja mviringo, akazitumbukiza kwenye sufuria ya chai ya mama, akazitoa, akazifuta kwa kitambaa na kuzifunga tena. Kweli zilirudisha sauti kwa siku chache. Mama alipogundua, alitaka kujua kwa nini chai ya nyumba hii ina ladha ya msumari. Hizza akamweleza kwa upole. Mama akamnyang'anya sufuria, na tangu siku ile aliifungia kabatini pamoja na sukari.

Nyuzi mpya alikuwa nazo. Hapo ndipo mnapotakiwa kumcheka. Mwaka ule ilipita kambini kwetu bendi moja ya Tanga mjini, na mpiga solo wao, mtu mnene mwenye meno ya mwanya aliyeitwa Sekibo, alimsikia Hizza akipiga. Akampenda. Alipoondoka alimwachia pakiti nzima ya nyuzi, mpya, bado ziko kwenye karatasi yake, akamwambia kwamba bendi yao inahitaji kijana wa pili wa gita na milango iko wazi, baba yake akiridhia. Akamwachia na neno moja, ambalo Hizza alilirudia maisha yake yote, ingawa siku ile liliingia sikio hili na kutokea lile.

"Usihesabu miezi," Sekibo alimwambia. "Uzi hauzeeki kwa siku, unazeeka kwa jasho. Kabla ya kazi kubwa, funga mpya."

Hizza aliiweka pakiti chini ya nguo zake sandukuni, akisubiri siku kubwa. Tatizo la vitu vinavyosubiri siku kubwa ni kwamba siku yenyewe ikifika, mtu huona bado kuna kubwa kuliko hiyo.

Kuhusu kwenda Tanga, baba alikuwa ameshajibu. Alisema kwamba karakana inampeleka Hizza kwenye ufundi, na ufundi una mwisho mwema. Gita halina mwisho, lina usingizi wa mchana tu. Hizza hakubishana. Katika nyumba yetu hatukubishana na baba. Tulinyamaza, na yeye akakohoa, na mambo yakabaki yamening'inia hapo.

Ndipo Mbwana, babu yenu mwenyewe, alipoleta posa kutoka Muheza, ikakubaliwa. Mimi nikaomba jambo moja tu: harusi yangu ipigiwe na bendi ya kaka yangu. Baba alitaka ngoma. Alitaka mdumange, ngoma ya wazee wetu, kama alivyochezewa yeye na mama. Nililia kidogo, nikalia tena zaidi, na mama akaingilia kati, hadi baba akatoa hukumu yake. Bendi itapiga. Lakini wachezaji wa ngoma nao wataalikwa, watakula pilau kama wageni wengine, na ngoma zao zitakaa karibu. Bendi ikivurugika mbele ya wakwe, ngoma itaingia, na siku ile ile habari ya Tanga itakuwa imekwisha, isitajwe tena.

Hizza aliyapokea masharti hayo kwa furaha, kama mtu aliyepewa zawadi. Alianza kufanya mazoezi ya wimbo ambao Kihiyo alinitungia kwa jina langu, "Somoe Anakwenda". Katikati ya wimbo ule, waimbaji hunyamaza na gita la solo huongea peke yake, kirefu, kama mtu anayemuaga dada yake barabarani na kukumbuka kila mara neno jingine la kumwambia. Hizza alilipiga sehemu ile kila jioni, wiki baada ya wiki, mpaka majirani waliokuwa wakichota maji waliondoka bombani wakiivumisha. Na kila jioni, upande wa pili wa ukuta, baba alikohoa.

Siku moja kabla ya harusi Kihiyo alipita nyumbani, akaupapasa uzi wa kwanza wa gita la Hizza, ule mwembamba kuliko yote, na kidole chake kikatoka na kutu. Nilikuwa dirishani, nilimsikia.

"Hizza, huu umechoka. Badilisha leo, mpaka kesho utakuwa umetulia."

"Nimeupiga miezi yote hii haujakatika," kaka yangu akajibu. "Utakatikaje kesho?"

Kihiyo aliangalia uzi, akamwangalia mwenye uzi, akaenda zake.

Harusi ikafika. Ndoa ilifungwa asubuhi, watu wakala, na jua lilipoanza kulegea baada ya adhuhuri, bendi ikapanga vyombo uani. Shamba lilikuwa limetuazima jenereta, na ilinguruma nyuma ya jiko kama fahali. Kambi nzima ilikuja. Wakwe kutoka Muheza walikaa kwenye viti vya mbele, wamepaka manukato, wakitazama kila kitu kama watu wanaonunua nyumba. Baba alikaa karibu nao na kofia yake. Pembeni, chini ya ukingo wa paa, wapiga ngoma walikaa na ngoma zao katikati ya magoti, wameshiba na wametulia.

Mimi niliketi mkekani nimefunikwa. Kungwi wangu alikuwa ameniamuru niinamishe macho, nisicheke, nisitikise kichwa. Basi harusi yangu niliiona kwa masikio, na masikio yangu yalifurahi. Bendi ilikuwa imewaka. Nilisikia miguu ikisaga mchanga, vigelegele vikipokezana, na vicheko vya shangazi yangu aliyekuwa akicheza na kila aliyesimama. Jua lilikuwa kali bado, na wanamuziki hawakuwa na kivuli. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba Hizza alilowa mpaka mkanda wa gita ukawa unachuruzika. Alikuwa akipiga kama hajawahi kupiga. Chumbani alizoea kugusa nyuzi kwa woga wa fimbo ya baba; leo alikuwa akizivuta kama anayevuta ndoo kisimani.

Wakaanza "Somoe Anakwenda". Kihiyo akaimba ubeti wa kwanza, akaimba wa pili, wanawake wakaitikia. Waimbaji wakanyamaza. Gita la kaka yangu likaanza kuongea, na chini ya kanga yangu machozi yakanitoka, ya furaha, kwa sababu nililijua kila neno lililokuwa likisemwa.

Kisha nikasikia kitu kama mjeledi mdogo, na gita likanyamaza.

Uzi wa kwanza ulikuwa umekatika. Ulimchapa mkononi, na kwa jinsi gita lile lilivyotengenezwa, uzi mmoja ukikatika nyingine zote hupotea sauti. Hizza alijaribu kuendelea, ikatoka sauti mbaya, akaacha. Rithimu ya Kihiyo haikusimama, besi haikusimama, lakini pale palipotakiwa kuwa na solo palikuwa na shimo, na watu wote walikuwa wakilitazama. Miguu ikapunguza. Mkwe mmoja aliinama kumnong'oneza mwenzake. Mpiga ngoma mkubwa akaweka kiganja juu ya ngozi, akamwangalia baba.

Hizza alifanya lililobaki kufanywa. Aliwaacha wenzake, akakimbilia ndani na gita lake, na kupitia ukutani nikasikia sanduku likifunguliwa na nguo zikirushwa. Alikuwa akitafuta pakiti ya Sekibo. Lakini nyuzi mpya hazifungwi kwa kufumba na kufumbua, na hata zikishafungwa hulegea na kulegea tena mpaka zizoee. Mimi, dada wa mpiga gita, nililijua hilo. Nikasema moyoni, basi, Tanga imekwisha.

Nikasikia kiti cha baba kikisogea.

Alisimama. Uani pote palijua masharti yake, kwa hiyo wote walielewa kwamba anakwenda kuita ngoma. Kungwi akanifinya mkono. Baba akavua kofia yake, akaishika kifuani, akafungua mdomo, akaimba gita.

Sijui niwaelezeje. Hakuimba maneno, maana sehemu ile haina maneno. Aliimba sauti ya nyuzi kwa mdomo, "ti-riri, tii-ri, ti-riri-rii," kuanzia pale pale uzi ulipokatikia, bila kukosea hata kituo kimoja. Pale ambapo gita hupanda, alipanda. Pale ambapo Hizza huchelewa kidogo makusudi ili kumtega mchezaji, alichelewa. Mzee ambaye hatukuwahi kumsikia hata akipiga mluzi alikuwa anaijua solo ile yote, mwanzo hadi mwisho, kama mtu anavyoijua njia ya kwenda kwake.

Niliinua macho. Kungwi alinikanya, lakini na yeye alikuwa ameshainua yake. Nilimwona baba kupitia upenyo wa kanga, amefumba macho, shingo imenyooka, anaimba.

Kisha wanawake wa bombani, waliokuwa wameisikia solo ile jioni zote, wakaidakia pamoja naye. Halafu vijana wa karakana. Kihiyo alicheka hadharani huku akikaza rithimu, na uani kote, watu wazima na watoto, wakawa gita moja kubwa linaloimba. Mpiga ngoma mkubwa alishindwa kuvumilia, akaingia polepole chini ya besi, akapapata mahali pake kama aliyealikwa. Wakwe wa Muheza walisimama. Mmoja wao, mama mkwe wangu, ambaye tulikuwa tumeambiwa ni mkali kama pilipili, alikuwa wa kwanza kuingia katikati na kucheza. Wao walidhani ndivyo wimbo ulivyopangwa tangu mwanzo, na mpaka anakufa mama yule alisema hajaona bendi yenye ubunifu kama ile.

Hizza alitokea mlangoni na gita mkononi, uzi mpya umefungwa upande mmoja, upande mwingine unaning'inia na kumeremeta juani. Akasimama hapo hapo. Alikuwa amekuja akijua anakwenda kuaibika, akamkuta baba yake anaimba solo yake.

Baba alipomaliza, alifumbua macho na kumwona. Vigelegele vilikuwa vingi, lakini mimi nilikuwa karibu, niliyasikia waliyoambiana.

"Ulikuwa unasikiliza," Hizza alisema.

"Ukuta haufiki juu," baba akamjibu. Akavaa kofia yake. "Funga uzi wako vizuri. Watu hawajachoka."

Tulicheza mpaka jua lilipozama nyuma ya mkonge. Hizza alifunga nyuzi zote za Sekibo, akawa anakaza masikio ya gita baada ya kila wimbo kwa sababu nyuzi mpya zilikuwa zikilegea, na hakuna aliyejali. Bendi na ngoma vilipiga pamoja. Baba alicheza mdumange na mama kwa gita la umeme, jambo ambalo wazee wa Kwambelo walilizungumza kuliko ndoa yangu.

Asubuhi yake, kabla sijachukuliwa kwenda Muheza, jamaa waliolala kwetu walikaa uani wakila kiporo cha pilau na chai, na maongezi yalikuwa yale yale. Baba mdogo aliuliza ni kwa nini uzi uliovumilia miezi yote umchague mtu siku ya harusi, na kama hapakuwa na mkono wa mtu mwenye husuda. Baba alitikisa kichwa. Alisema hapana husuda. Chumbani mtu hugusa uzi kwa upole, hapana jua, hapana jasho, hapana anayemtazama, kwa hiyo uchovu wa uzi hauonekani. Huonekana siku unapovutwa kwa nguvu zote mbele ya watu. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya kukata maneno:

"Uzi mchovu haukatikii chumbani, hukatikia uwanjani."

Wote wakaitikia kwamba ni kweli. Mama alikuwa akimimina chai. Bila kuinua macho akamuuliza: "Na wako, Baba Hizza, ulikuwa umechoka tangu lini?"

Baba akacheka. Alicheka mpaka chai ikamwagika gotini. Sikuwahi kumwona akicheka vile, na tangu siku ile hakikusikika kikohozi tena ukutani kwetu. Wiki iliyofuata alimpeleka Hizza mwenyewe hadi stesheni ya Korogwe, akamkabidhi gita lake dirishani mwa treni, akamwambia asisahau kusali na asisahau kubadilisha nyuzi.

Hakusahau. Alipiga Tanga, akapiga Mombasa, akazeeka akipiga, na kila mara kabla ya dansi kubwa alifunga nyuzi mpya siku mbili mapema, ili zipate kuzoea na kutulia, na zile za zamani alizikunja akaziweka kwenye begi kama akiba ya dharura. Vijana walipomuuliza uzi ubadilishwe baada ya muda gani, aliwauliza wao wanatoka jasho kiasi gani. Na neno la baba lilisambaa. Wapiga ngoma walilipeleka vijijini kwao, wakwe zangu wakalipeleka Muheza, na leo analisema fundi wa breki, analisema mwalimu, na shangazi yenu naye analisema bila kujua kwamba lilizaliwa juu ya kiporo cha pilau.

Lakini mimi na babu yenu Mbwana tulilitumia kwa namna yetu. Tumeishi pamoja miaka mingi, na watu wawili hawaishi miaka mingi bila kitu kushika kutu katikati yao. Kila mmoja wetu alipoona mwenzake amenuna, anajibu kwa mkato, anafunga sufuria kwa kishindo, hakungoja wageni waje waone. Alifunga mlango, akavuta kigoda, akasema: "Kaa hapa, tubadilishe uzi." Tukaambiana yote, mengine yenye maumivu, na tukitoka nje tunatoka tukiwa na sauti moja. Ndiyo maana nyinyi hamjawahi kutuona tukigombana. Si kwamba hatukuchoka, wajukuu zangu. Uzi mchovu haukatikii chumbani, hukatikia uwanjani. Na sisi tulihakikisha hautoki chumbani ukiwa umechoka.